Ngeli Tatu za Wajerumani

Kijerumani cha kwanza nilichokisikia Isecheno hakikuwa na kitenzi hata kimoja. Kilikuwa majina matupu yaliyorushwa juu mitini: Affe! Vogel! Schlange! Mwongozaji ananyoosha kidole, mgeni anainua darubini, na mazungumzo yanaishia hapo. Waongozaji waliotutangulia waliyaokota majina hayo moja moja kutoka kwa wageni wenyewe na kutoka kwa jamaa zao waliowahi kufanya kazi hotelini Pwani, na aliyekuwa na majina mengi kuliko wenzake ndiye aliyepewa magari ya Wajerumani. Sarufi haikumshughulisha mtu. Kima hangoji upange sentensi.

Kwa asiyepajua, Isecheno ni kituo cha misitu kilichoko upande wa kusini wa msitu wa Kakamega. Unatoka mjini kwa barabara ya Kisumu, unapinda kushoto Khayega, unapita soko la Shinyalu, na baada ya mahindi na ukanda wa majani chai miti inakukabili ghafla. Buyangu, upande wa kaskazini, iko mikononi mwa Shirika la Wanyamapori. Kwetu sisi wenye mamlaka ni watu wa misitu. Wataalamu husema msitu huu ni masalio ya mashariki kabisa ya misitu ya mvua ya Kongo, na ndio maana una ndege wa aina zaidi ya 300, wengine wasioonekana popote pengine Kenya. Mtafiti Marina Cords alianza kuwafuatilia kima wa hapa mwaka 1979, kwa hivyo mtoto wa Isecheno hukua akijua kwamba duniani kuna watu wazima wenye akili timamu ambao kazi yao ni kukaa chini ya mti na kuandika kima amekula nini.

Mimi ni Mwisukha. Nyumbani tulisema Luisukha, kanisani Kiswahili, darasani Kiingereza. Nilianza shule siku za mwanzo za 8-4-4, mfumo ulioletwa mwaka 1985 na kukifanya Kiswahili somo la lazima lenye mtihani wake. Mwalimu wetu alitusimamisha tukakariri ngeli kwa viambishi vyake: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI, na nyinginezo hadi PA-KU-MU. Sikuona faida. Mtu asemaye lugha tangu utotoni anahitaji nini majina ya vitu ambavyo ulimi wake unavifanya wenyewe? Nilipata alama, nikasahau. Nilimaliza kidato cha nne miaka ya tisini, karo ya kuendelea haikuwapo, na nikajiunga na vijana waliokuwa wakiongoza wageni msituni. Waongozaji wa Isecheno walikuwa tayari wameanzisha mradi wao wa elimu ya mazingira, KEEP, mwaka 1995, na kazi ilikuwa na heshima yake. Ukitambua sauti ya ndege gizani alfajiri, wazee walikuita mtu aliyesoma hata kama hukusoma.

Kijerumani kamili nilidhani nimekipata binamu yangu aliporudi kutoka Diani. Huko ufukweni Wajerumani walikuwa wengi kwa miaka mingi, jinsi Waitaliano walivyokuwa Malindi, na vijana wa ufukweni walijifunza lugha zao kwa masikio tu. Binamu yangu aliongea bila kusita. Alipiga mzaha, akapatana bei, akaomba namba ya simu. Lakini kila nomino kwake ilianza na die, na kila kitenzi kilibaki kama kilivyo kwenye kamusi: ich kommen, du kommen, er kommen. Sikidharau Kijerumani hicho. Kimesomesha watoto na kujenga nyumba za mawe. Kinachokishinda ni swali la pili. Mgeni akiuliza kile ni nini, kinajibu. Akiuliza kwa nini mbega hawa wameshuka chini leo na jana hawakushuka, kinatabasamu.

Swali la pili lilikuja na watafiti. Mwaka 2001 ulianza mradi wa BIOTA, uliogharimiwa na wizara ya elimu na utafiti ya Ujerumani, na kwa takriban miaka kumi msitu wetu ukajaa watu wa vyuo vikuu vya Ujerumani: wa siafu, wa nyuki, wa ndege walao matunda, wa mimea, wa picha za setilaiti. Hawakuwa watalii wa siku mbili. Walikaa miezi, wakapanga vyumba, wakaugua malaria, wakajua bei ya ndizi Shinyalu. Kazini walizungumza nasi kwa Kiingereza, lakini jioni, sufuria ikiwa jikoni na mvua ikipiga mabati, walirudi kwenye lugha yao. Mimi nilikaa nao nikisikiliza. Kijerumani hicho cha jioni kilikuwa kitu kingine kabisa. Majina niliyoyajua yalipita humo, ila yamevaa nguo tofauti kila yalipotokea: mara der Wald, mara den Wald, mara im Wald, na msitu ni ule ule.

Mwanafunzi mmoja wa uzamili, aliyekuwa akihesabu ndege mitini, aliniachia kitabu cha sarufi cha wanaoanza, maelezo yake kwa Kiingereza. Kurasa za mwanzo zilikuwa za kuomba radhi. Mwandishi alieleza, kwa huruma nyingi, kwamba Kijerumani kina jinsia tatu za nomino na kwamba hazina mantiki: kijiko ni cha kiume, der Löffel, uma ni wa kike, die Gabel, kisu si cha kiume wala cha kike, das Messer. Msomaji, alisema, asitafute sababu, akariri tu.

Nilisoma ukurasa ule nikacheka peke yangu. Kijiko KI-VI, uma U-ZI, kisu KI-VI. Nani aliwahi kuniomba radhi? Nani aliwahi kuuliza mantiki ya mti kuwa U-I na tunda lake LI-YA? Katika Luisukha mti ni musala na ukiwa mmoja unavuta kila neno linaloufuata upande wake; ikiwa misala, maneno yote yanageuka nayo. Kumbe yule mwandishi alikuwa akimbembeleza Mwingereza, mtu ambaye lugha yake haina upatanisho wa kutajwa, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mwingereza huyo nikingoja zamu ya kushangaa. Hapakuwa na haja. Ile orodha niliyokariri darasa la sita ilikuwa ndiyo ufunguo, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

Tangu siku hizo niliacha kuziita jinsia. Niliziita ngeli. Wajerumani wana ngeli tatu: ya der, ya die, na ya das. Kivumishi hupatana na ngeli yake, kiwakilishi hupatana na ngeli yake, na ukikosea unasikika jinsi anavyosikika mtu asemaye kiti yangu umevunjika: ataeleweka, na atachekwa. Tena wao wana huruma kuliko sisi. Kwenye wingi ngeli zote tatu zinaingia chini ya die moja, wakati sisi kila ngeli inataka wingi wake. Mtoto aliyeweza WA-, MI-, MA-, VI- na ZI- kabla ya kung'oa meno ya utotoni hawezi kushindwa na tatu.

Raha yangu kubwa ilikuwa neno ambalo vitabu vyote hulitoa mfano wa maajabu: das Mädchen, msichana. Itakuwaje msichana asiwe wa kike? Jibu ni kwamba -chen ni kiambishi cha udogo, na kila nomino inayokibeba huhamia ngeli ya das, iwe ilitoka wapi. Sasa mwambie hivyo mtu wa Kiswahili. Mtoto amelala, kitoto kimelala. Mlima umeonekana, kilima kimeonekana. Tukidogosha kitu tunakihamisha ngeli, na katika Luisukha tuna ngeli nzima yenye kha- kwa kazi hiyo. Hata pale Wajerumani wanapojisahau, wakaanza na das Mädchen na sentensi mbili mbele wakasema sie kwa sababu wanamwona binti mbele yao, ni sisi hao hao: kijana ana KI- mwanzoni lakini tunasema kijana amefika, si kimefika, kwa kuwa ubinadamu wake umeishinda ngeli. Kitabu kilihitaji ukurasa mzima wa Kiingereza kulieleza jambo hilo. Kwa Kiswahili ni mistari miwili.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilikuwa rahisi. Yale mavazi ya der, den, dem hayana ndugu kwetu. Wir gehen in den Wald, tunaingia msituni. Wir sind im Wald, tumo msituni. Kiswahili kimeridhika na msituni pande zote mbili, na kazi ya kusema mtu anaenda au amefika kimekiachia kitenzi. Mjerumani anataka hata kile kineno kidogo mbele ya nomino kionyeshe kama kuna mwendo au utulivu, na anataka pia kionyeshe nani alimla nani. Hapo nilikariri kweli. Nilitembea njia ya kwenda kilima cha Lirhanda nikihesabu kimoyomoyo mit, nach, bei, seit, von, zu, aus, zote zikidai dem, na wageni nyuma yangu walidhani nasali.

Halafu kitenzi. Ich habe gestern am Fluss einen Mantelaffen gesehen: mimi nina jana mtoni mbega mmoja nimeona. Inabidi ungoje mpaka mwisho kujua kama mbega ameonekana, amesikika au ameanguka, kama wanavyongoja watu barazani mzee anayeanza kesi ya mpaka wa shamba kwa kumtaja babu wa babu yake. Kwetu mambo yote hutangulia. Siku moja niliandika nimemwona kwenye ubao wa mradi, nikapiga vistari: ni-me-mw-ona. Mtendaji, wakati, mtendwa, tendo, ndani ya neno moja. Yule mwanafunzi wa ndege aliutazama ubao muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama ndege.

Yeye pia alikuwa akijifunza Kiswahili, na kwake ngeli zetu zilikuwa namba. Kiti kilikuwa cha saba, viti vya nane. Mtu wa kwanza, watu wa pili. Sikuelewa mpaka aliponieleza kwamba aliyezipa ngeli za lugha za Kibantu namba alikuwa Mjerumani, Wilhelm Bleek, katika sarufi yake linganishi iliyotoka kwa sehemu mbili, 1862 na 1869, na kwamba hata hilo jina Bantu alilieneza yeye. Kabla yake Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa karibu na Tübingen, alikuwa amekwisha kuchapishia mjini humo muhtasari wa sarufi ya Kiswahili mwaka 1850. Wao walihangaika na ngeli zetu miaka mia na hamsini kabla ya mimi kuhangaika na zao. Baada ya hapo tulifundishana kwa usawa. Mimi nilimsahihisha mti mkubwa ameanguka, yeye alinisahihisha die Baum, na hakuna aliyeona haya.

Kutoka kwake ndiko nilikojifunza kusoma majina marefu. Kima wetu kwa Kijerumani anaitwa Diademmeerkatze, neno linalomtisha anayelikabili kwa mbele. Usilikabili kwa mbele. Ngeli ya nomino ndefu ya Kijerumani hutoka kwenye kipande cha mwisho, na kwa kuwa Katze ni ya die, mlolongo wote ni wa die. Kiswahili hufanya kinyume: mwanasayansi, mwanajeshi, mwanasheria, wote wanaongozwa na mwana aliye mbele. Na kuna saa. Hili nilikuwa nikilisisitiza kwa kila mwongozaji mgeni kazini. Mjerumani akisema halb sieben hasemi saba na nusu. Anasema nusu ya kuelekea saba, yaani kwa hesabu yetu saa kumi na mbili na nusu. Kwa matembezi ya kwenda Lirhanda kuona jua likichomoza, tofauti hiyo ni ya kuliona jua au kuliona joto lake.

Mtu atauliza kama hakukuwa na mahali pengine ambapo Kijerumani kilielezwa kwa Kiswahili. Palikuwapo, redioni. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, iliyoanza mwaka 1963, ilikuwa na mafunzo ya lugha yaitwayo Deutsch – warum nicht?, yaliyotayarishwa pamoja na Goethe-Institut. Mhusika wake alikuwa Andreas, mwanafunzi anayefanya kazi ya bawabu hotelini Aachen, akiandamwa na kiumbe asiyeonekana aitwaye Ex. Baba yangu mkubwa alikuwa na redio ya masafa mafupi na alisikiliza idhaa hiyo kwa ajili ya habari, si kwa ajili ya Andreas. Somo likianza alizima kuokoa betri. Lakini vipande nilivyobahatika kusikia vilinionyesha kwamba inawezekana. Sauti ya Kiswahili ilieleza, sauti ya Kijerumani ikafuata, na Kiingereza hakikualikwa.

Kisha wageni walipungua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 na damu iliyomwagika, magari yaliacha kuja, na nyumba ya wageni ya mbao, ile iliyosimama juu ya nguzo, ilikaa na vumbi. Watafiti wengine walirudi kumalizia kazi zao, lakini kufikia 2010 mradi ulikwisha, masanduku yakafungwa, na Kijerumani changu kikabaki bila wa kuzungumza naye. Baadhi ya wenzangu waliingia kwenye bodaboda. Mimi nilibaki, na katika kubaki nikakutana na Kihispania.

Kihispania kilikuwa kimeshaingia Kakamega kwa mlango wa uani. Akina mama walikuwa wamefuata tamthilia za Mexico kwenye televisheni kwa miaka, na ingawa sauti zilitiwa Kiingereza, majina ya Alejandro na Esmeralda yalibaki, na watoto kadhaa wa Shinyalu wakabatizwa hivyo hivyo. Vijana walikuwa na soka ya Hispania. McDonald Mariga wetu alipokwenda Real Sociedad mwaka 2011, hata waliokuwa hawajui klabu hiyo iko mji gani walianza kutamka jina lake kwa madaha. Wahispania wenyewe walianza kuonekana msituni kwa vikundi vidogo, vijana wa kujitolea na wapenda ndege, wenye kelele na wakarimu, na wengi wao hawakupenda Kiingereza kuliko sisi tulivyokipenda.

Nilidhani nitaanza upya. Kumbe Kijerumani kilikuwa kimenifundisha mahali pa kutafuta. Kihispania kina ngeli mbili tu, el na la, na kwa sehemu kubwa mwisho wa neno unazitaja wenyewe. Lakini urafiki wake na Kiswahili uko kwenye kitenzi. Mjerumani hawezi kusema bila ich au du. Mhispania husema hablo, hablas, habla, mtendaji akiwa ndani ya kitenzi, nasi tunasema nasema, unasema, anasema. Tofauti ni kwamba wao wamemweka nyuma na sisi tumemweka mbele. Meza nimeinunua; la mesa, la compré. Ile la ya pili inafanya kazi ya i yetu, na inapatana na ngeli ya meza bila kukumbushwa.

Kitabu changu cha Kihispania, nacho maelezo yake kwa Kiingereza, kilitumia sura mbili kueleza kwa nini Kihispania kina vitenzi viwili vya kuwa, ser na estar, na msomaji alionywa kwamba ni mtihani mkubwa. El mono es un animal, el mono está en el árbol. Kima ni mnyama, kima yuko mtini. Ni na yuko! Nani kwetu alishawahi kuvichanganya? Katika mambo ya hali, ni kweli, njia zinaachana: wao husema está cansado na sisi husema amechoka. Ila mlango tumeshaufungua.

Vivyo hivyo lile neno dogo a ambalo Kihispania hulitia mbele ya mtu anayetendwa. Veo un árbol, veo a mi madre. Naona mti, namwona mama. Ukisema naona mama umemfanya mama kitu, na Mhispania anayeacha a hufanya kosa la namna hiyo. Tena kuna umbo la kutaka na kuomba, ambalo wanafunzi waliopitia Kiingereza hulilia miaka. Habla, anasema, quiero que hable, nataka aseme. Canta, anaimba, quiero que cante, nataka aimbe. Irabu a ya mwisho inageuka e katika lugha zote mbili, kwa sababu ile ile, mahali pale pale. Vitenzi vyao vya -er na -ir huenda kinyume, come ikawa coma, lakini wazo halibadiliki. Sijui bahati nyingine ya kisarufi inayonifurahisha kuliko hiyo, na si lazima iwe na maana yoyote. Lugha hizi hazina undugu. Ni sadfa, na mwalimu mwerevu hutumia sadfa.

Mazoezi yangu bora ya Kihispania hayakuwa msituni. Yalikuwa kwenye uwanja wa mafahali. Kila Mhispania aliyesikia kwamba sisi Isukha na jirani zetu Idakho tunapiganisha mafahali alitaka kwenda, na alifika akitafuta mtu mwenye upanga. Waliuliza: ¿Quién mata al toro? Nani anamuua fahali? Hakuna amuuaye. Los toros se pelean, mafahali wanapigana, ile se yao ikifanya kazi ya -na yetu ya kutendana, na fahali aliyeshindwa hukimbia zake nyumbani. Ngoma ya isukuti, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka, ilivuma, watu wakakimbia, na mimi nikipiga kelele za vitenzi katikati ya vumbi. Tatizo likawa moja: kitabu changu kilikuwa cha Kihispania cha Hispania na kilinifunza vosotros kwa ninyi, halafu akaja mgeni wa Mexico akaniambia kwao ni ustedes tu, na kwamba nazungumza kama padri wa sinema ya zamani.

Leo anayenitafuta kwa ajili ya Kijerumani si mwongozaji. Ni msichana aliyemaliza uuguzi, au kijana mwenye cheti cha ufundi wa umeme, na anachotaka ni ngazi za mtihani wa lugha: A1, halafu A2, halafu B1. Muuguzi kwa kawaida hutakiwa afike B2 ndipo taaluma yake itambuliwe Ujerumani. Hamu hiyo ilikuwapo kabla, lakini ilipanda mno baada ya Kenya na Ujerumani kutia saini makubaliano ya uhamiaji wa wafanyakazi mjini Berlin, Septemba 2024. Madarasa yamefunguliwa mijini juu ya maduka ya dawa na chini ya makanisa. Mtihani wenyewe uko Goethe-Institut ya Nairobi, iliyoko tangu 1963. Wengi hupanda basi la usiku kwenda kuufanya, wakiwa na ada waliyochangiwa na ukoo mzima. Wanafunzi hawa hawahitaji Affe wala Vogel. Wanahitaji der Blutdruck, shinikizo la damu, na die Spritze, sindano. Msitu umetoka kwenye lugha.

Silalamikii jambo hilo. Mtoto wa mtu ana haki ya kwenda kutafuta. Ninacholalamikia ni jinsi wanavyofundishwa. Nimeona madaftari yao. Der Löffel, die Gabel, das Messer, na pembeni, kwa Kiingereza, onyo lile lile kwamba hakuna mantiki, kariri. Wanakariri. Wanakariri hata barua: ile fupi ya mtihani ya kuomba radhi kwamba hutafika kwenye sherehe, neno kwa neno, na swali likibadilika kidogo barua inabaki ile ile. Wengine wamelipa fedha nyingi kwa mawakala wanaowaahidi kazi kabla hawajaweza kusema wametoka wapi. Na ni watoto waliozaliwa katika lugha mbili zenye ngeli, kila moja ikiwa na ngeli nyingi kuliko Kijerumani!

Msichana mmoja wa Shinyalu aliniletea daftari lake akitaka kukata tamaa.

"Mwalimu, hizi artikeli haziingii."

"Kiti ni ngeli gani?"

"KI-VI. Hiyo ni ya darasa la tano."

"Ulijuaje kiti ni KI-VI kabla ya darasa la tano?"

Alinyamaza. Nikamwambia asijifunze Messer. Ajifunze das Messer, wakati wote, kama neno moja, jinsi asivyowahi kujifunza ti bila ki. Kisha tukaandika kurasa mbili, mkono wa kushoto sentensi za Kiswahili, mkono wa kulia za Kijerumani, tukapiga mistari chini ya kila kinachopatana. Kiingereza hatukukiandika. Alikuwa amepoteza miezi akipita katika lugha ya tatu kwenda kwenye kitu ambacho lugha yake ya kwanza inacho. Aliufaulu mtihani wake wa B1, na sasa anahangaika na vihusishi vya B2, ambavyo hata mimi sina dawa yake.

Kwa hivyo nina ombi kwa walimu wa Kijerumani mlioko Kakamega, Kisumu na Eldoret, na kwa wachapishaji wetu wa Nairobi waliokwisha kutoa vitabu vingi vya ngeli kwa ajili ya shule za msingi. Andikeni sarufi ya Kijerumani kwa Kiswahili, na ya Kihispania ikifuata. Sura ya kwanza ianze na A-WA, U-I na KI-VI, ndipo ije der, die, das. Wiki mbili za kwanza darasani, Kiingereza kikae nje. Wanafunzi wameshalipa karo. Wapeni somo kwa lugha wanayoijua.